Kompyuta Isiyokuwa na C

Mwezi wa saba mwaka 2017, steshenari ya Bwana Sadalla pale Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, ilijaa watu mpaka kizingitini. Vijana waliomaliza kidato cha sita walikuwa wakiomba vyuo, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti, kila mmoja akiamini yeye ndiye mwenye haraka kuliko wote. Feni ilizunguka tu, upepo haikuleta. Nyuma ya meza alikaa Tausi binti Uweso, dera la manjano, mtandio mweusi umemteleza mpaka begani, vidole vinakimbia juu ya kibodi. Alikuwa hodari wa kuchapa kila kitu, lakini sifa zake zilienea kwa barua za posa. Kijana akitaka kuoa, wazee wakishindwa kupanga maneno, waliambiwa waende kwa Tausi. Yeye aliwachapia, akawakunjia, na hata kitambaa cha kuifungia barua aliwachagulia.

"Naomba unichapie karatasi mbili tu, dada."

Mkono ulioshika flashi ulipenya katikati ya mabega ya watu. Mwenyewe alifuata nyuma yake: kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la drafti limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama.

"Flashi inapita kwenye antivairasi kwanza," Tausi alisema bila kuinua macho.

"Yangu usijisumbue. Mimi natumia Linux, si Windows. Kwetu hakuna virusi."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja ukoo wake. Tausi akaichomeka flashi, kioo kikawa chekundu.

"Kumi na saba," akasema.

"Kumi na saba nini?"

"Virusi, kaka. Wametoka huko kwenu kusikokuwa na virusi."

Steshenari nzima ikaangua kicheko. Kijana akajikaza kisabuni. "Hao ni wa Windows. Kwangu hawafanyi kitu."

"Kwako hawafanyi kitu, ila umewabeba mpaka kwangu. Hata mbu malaria haimlazi kitandani, yakhe, lakini tunamuua."

Hapo kijana mwenyewe akacheka. Alicheka kwa kurudisha kichwa nyuma, kwa moyo mkunjufu, kama aliyetaniwa ni mtu mwingine. Tausi akainua macho, na macho hayo hayakuwahi kurudi vizuri kwenye kazi siku ile.

Jina lake Mudathir, mwenyeji wa Mkwaja, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Raskazone. Kesho yake alirudi na mfuko wa machungwa ya Muheza, ati kuwaombea msamaha virusi wake. Keshokutwa akarudi kuuliza kama machungwa yalikuwa matamu. Baada ya hapo hakutafuta tena kisingizio, na simu zikaanza.

"Umeamkaje, laazizi? Kompyuta yako imeshamaliza kujisasisha, au nipige tena mchana?"

"Imemaliza. Na wewe, umeshaandika zile amri zako mia ili uweze kufungua picha moja?"

"Nafungua kwa kubonyeza, kama wewe!"

"Muongo. Linux ni ya wadukuzi. Kioo cheusi, maandishi ya kijani yanashuka kama mvua. Nimeona kwenye sinema."

"Na nyie wa Windows mnajua mambo mawili tu, kubonyeza na kuita fundi."

Walitaniana hivyo miezi mitatu. Tausi aliamini kwamba kwenye Linux hati ya Word haifunguki na printa haisikii. Mudathir aliamini kwamba mtu wa Windows hana haja ya kujua kompyuta yake inavyokwenda, anachotaka ni iende tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mwenzake na kutazama. Mapenzi nayo yana uvivu wake, unadhani umeshamjua mtu kwa sababu unajua namna ya kumchekesha.

Baba yake Tausi, Mzee Uweso, alikuwa karani mstaafu wa bandari. Nyumbani kwake Nguvumali alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoipenda kama mjukuu. Kila siku baada ya alasiri alivaa miwani na kuketi mbele yake, akaandika kwa vidole viwili maneno na desturi za kwao Mtang'ata, ili yasije yakazikwa pamoja naye. Akimaliza humwita binti yake.

"Tausi, iko wapi sasa?"

"Iko diski C, baba. Kwenye folda yako."

"Isitoke hapo."

Mudathir alifika nyumba ile mara ya kwanza kutengeneza printa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mleta virusi?"

Printa ilichukua nusu saa, mazungumzo yakachukua mpaka magharibi. Mzee alimsomea sura aliyokuwa akiiandika wiki hiyo, sura ya posa. "Sikiliza hapa. Barua ya posa hungojewa jibu siku saba tangu isomwe. Zikipita bila neno, muoaji asiulize. Ameshajibiwa."

"Na akiuliza, mzee?"

"Basi hana haya, na mke hapati."

Tausi alikuwa anakuja na kahawa. Nusura sinia limponyoke.

Mzee Uweso alifariki mwezi wa kumi na moja, ghafla, baada ya swala ya alfajiri. Ukoo ukakubaliana kwamba siku ya arobaini kitabu chake kichapwe, kila atakayekuja kwenye hitima aondoke na nakala. Kazi hiyo alipewa Tausi. Kwake ilikuwa ndiyo namna pekee iliyobaki ya kumfanyia baba kitu. Nakala ilikuwa moja tu duniani, na ilikaa ndani ya kompyuta ile.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane umeme ulipokatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Kompyuta ikawaka nusu, ikagoma.

Mudathir akaichukua. "Usilie, kipenzi. Windows imekufa, ila mafaili nitayatoa." Siku ya tatu akairudisha, Tausi yuko kazini, akamwachia Asmahani, shangazi yake Tausi. "Mwambie kila kitu kimo ndani," akaaga.

Jioni Tausi akaiwasha. Hakuikuta picha ya baba akiwa amevaa kanzu, ile iliyokuwa ikimpokea kila siku. Badala yake kulikuwa na rangi ya zambarau na vialama asivyovijua. Akatafuta C. Akafungua hapa, akafunga pale, akarudi mwanzo. C haikuwepo. Kwa mtu aliyejifunzia kompyuta kwenye steshenari ya Ngamiani, kukosa C ni sawa na kurudi kwako ukakuta uwanja mtupu. Akampigia Bwana Sadalla.

"Kakuwekea Linux huyo!" Sadalla alisema. "Linux ikiingia inafuta C yote, mwanangu. Hata mafaili yangebaki, ya Word hayafunguki humo. Pole sana."

Bwana Sadalla hakuwa mtu mbaya. Alisema alichosikia kwa wenzake, nao walisikia kwa wenzao. Tausi akampigia Mudathir.

"Umenifutia baba yangu."

"Nimefuta nini? Tausi, hebu tulia. Umetafuta wapi?"

"C haipo! Nimetafuta C, haipo!"

Na Mudathir akacheka. Alicheka kile kicheko cha siku ya kwanza, cha kurudisha kichwa nyuma. "Linux haina C, mpenzi. Nyie watu wa Windows mkiikosa C mnadhani kiyama kimefika..."

Alikuwa na sentensi nyingine nyuma ya hiyo, ambayo ingemaliza yote. Tausi hakuisikia. Alikata simu, akaifungia namba ile isiingie tena. Msiba ulikuwa haujapoa, na aliyempenda alikuwa anacheka.

Arobaini ikafika. Watu wakasoma, wakala pilau, wakaondoka mikono mitupu. Tausi aliifunika kompyuta kwa kanga kuukuu, akaipandisha juu ya kabati. Mudathir hakuja kubisha hodi. Wiki moja tu baada ya simu ile watu walikuwa wamesema amehama, amerudi kwao Mkwaja. Tausi alisubiri aje hata kugombana. Hakuja, na hilo lilimuuma kuliko kile kicheko.

Miaka ikaenda. Tausi akafungua steshenari yake mwenyewe Raskazone, karibu na shule. Posa zilikuja mbili kwa miaka tofauti, wanaume wa heshima zao, akazikataa zote na asiweze kumweleza shangazi sababu. Alichapa barua za posa za wenzake mpaka akazijua kwa moyo: tumeona ua limechanua katika bustani yenu. Kila msimu wa machungwa alinunua mfuko, akayala peke yake.

Oktoba ya 2025 mji ukaingiwa na uvumi kwamba Windows kumi inakufa tarehe kumi na nne. Kweli yenyewe ilikuwa ndogo, kwamba haitapewa tena masasisho ya ulinzi. Watu wakaikuza. Wakasema kompyuta zitazimika zenyewe saa sita usiku na kila kilichomo kitapotea. Steshenari ikajaa kama enzi za Ngamiani, watu na flashi mikononi, wanahamisha picha za harusi na matokeo ya mitihani.

Katikati ya msukosuko huo akaingia Mwalimu Laurenti wa shule ya jirani, mpole, kompyuta mpakato kwapani. "Dada Tausi, naomba nichape mtihani. Ila hii yetu sasa ni Linux."

"Basi haitachapa, mwalimu. Linux haisikii printa."

"Ngoja tujaribu."

Akachomeka waya. Printa ikakoroma, karatasi zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, na mtihani ule ulikuwa wa Word. Tausi alizitazama kama anayetazama maiti akikohoa.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "huko C iko wapi?"

"Hakuna C huku. Hata mimi ilinisumbua mwanzo. Mafaili yako yote yanakaa hapa, kwenye hii picha ya nyumba. Unabonyeza tu."

"Nani aliwawekea?"

"Fundi mmoja wa Mkwaja, Mudathir. Anazunguka mashule ya pwani yote hii. Unamtaka? Namba yake ninayo."

Tausi aliandika namba kwenye kiganja, akafunga duka mchana kweupe, wateja wakinung'unika nje, akadaka bajaji mpaka Nguvumali. Akapanda juu ya kiti, akaishusha kompyuta, akaifuta vumbi kwa kanga ile ile, akachomeka. Ilifikiri kwa muda mrefu. Kisha ile rangi ya zambarau ikatokea, na kando, pale pale ilipokuwa miaka minane, picha ndogo ya nyumba.

Akabonyeza. Ndani mlikuwa na folda mbili. Moja iliitwa Mzee, ya pili Tausi.

Kitabu cha baba kilikuwemo chote, kurasa mia na arobaini. Tausi akazipitisha huku machozi yanadondokea kibodi. Alimsikia baba katika kila mstari, anavyogombana na maneno, anavyosifu ya kwao. Kwa miaka minane baba alikuwa juu ya kabati, naye akilala chini yake bila kujua.

Folda ya pili ilikuwa na karatasi moja.

"Tausi, isome hii wewe kwanza na uisahihishe, maana za mji mzima unasahihisha wewe. Kwa wazee wangu wa Nguvumali, baada ya salamu. Wengine huandika kwamba wameona ua bustanini kwenu. Mimi sikuona ua. Nimemwona mtu aliyeiaibisha flashi yangu mbele ya watu thelathini, na tangu siku hiyo nikirudi chumbani naona kimya kimezidi. Naomba mnipe nimwoe. Tausi, ikikupendeza niambie nitume wazee. Nitangoja siku saba, kama alivyosema marehemu, wala sitauliza."

Tausi akakaa chini sakafuni. Kumbe hakukimbia. Alingoja siku saba, akahesabu, akajua amekataliwa, akaondoka kwa adabu aliyofundishwa na Mzee Uweso mwenyewe.

Alilia mpaka adhana ya alasiri. Kisha akatazama kiganja, akapiga.

"Haloo?"

"Mudathir."

Ikajibu sauti nzito kidogo kuliko ya zamani: "Tausi."

"Kicheko chako kilinichoma siku ile."

"Najua. Nimekijutia miaka yote. Mtu kafiwa, mimi nacheka habari za C. Ila nilidhani ukikata simu tu utaifungua ile nyumba, utaona kila kitu. Ulipokaa kimya nikajua umeona, na jibu ni hilo."

"Sikuifungua. Niliambiwa umefuta, nikaamini kuliko nilivyokuamini wewe. Nisamehe." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Una mke?"

"Nina kompyuta arobaini za mashule, na hakuna hata moja inayonitania. Wewe?"

Tausi aliivuta kibodi karibu, akatafuta ukurasa. "Zile siku saba ulizihesabu tangu lini?"

"Tangu siku niliyoileta barua."

"Ulikosea. Kitabu cha baba kiko mbele yangu hapa. Kinasema tangu isomwe. Nami nimeisoma leo saa nane mchana."

Akasikia pumzi ikishushwa kule Mkwaja, kisha kicheko, kidogo, cha kuogopa, kikingoja ruhusa.

"Kwa hiyo nina siku saba za kungoja?"

"Sita," Tausi alisema. "Ya leo nimeimaliza kwa kulia. Watafute wazee wako. Kitambaa nitachagua mwenyewe."