Aliyekunywa Betri ya Fundi Ampea

Gari la fundi Ampea halikuwaka asubuhi ile, na jirani aliyekuwa akipiga mswaki mlangoni alicheka hadi povu likamdondokea kifuani. Alikuwa na haki ya kucheka. Ampea ndiye fundi umeme wa magari wa mtaa mzima, betri za watu zilifufukia mikononi mwake, na hilo jina alibandikwa na wateja kwa sababu hakuweza kusema sentensi mbili bila kutaja ampea. Leo yeye kazungusha ufunguo, gari likatoa "tik" moja, likanyamaza.

"Mganga hajigangi!" jirani akamtania.

Ampea naye akacheka, akaichaji betri. Kesho yake, tik. Akafunga betri mpya kabisa. Kulipokucha, tik. Hapo kicheko kikamkauka. Akapima altaneta, inachaji vizuri. Akasugua vichwa vya betri, akabadili waya wa hasi, wapi! Betri mpya haifi bure. Ikifa gari limeegeshwa, basi kuna mtu au kitu kinachonyonya moto wake.

Akaanza na mtu. Kaka wa mkewe alikuwa amefikia kwao huku akitafuta kazi, na shemeji huyo alipenda redio kuliko kula. Asubuhi moja Ampea alikuta kiti cha nyuma kimebonyea, kinainuka polepole, kama vile aliyekikalia ameondoka punde. Ndani kulinuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa leo leo. Harufu hakuijali. Kilichomuuma ni kiti.

"Shemeji, sema kweli. Unalala kwenye gari langu?"

"Mimi? Nikalale garini na godoro ninalo?"

"Na redio je?"

"Shemeji, kama umenichoka niambie tu. Usinisingizie betri."

Akafunga begi lake, akaondoka bila hata kunywa chai. Siku hiyo mke wa Ampea alimwekea mumewe sahani mezani akaenda zake. Betri ikafa vilevile. Badala ya kuona haya, Ampea akaanza kumtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Ufunguo wa akiba hukaa kwa nani? Mbona akiulizwa kuhusu gari anajibu haraka haraka? Hivyo ndivyo shaka ilivyo, ikishapata mlango haibishi hodi tena.

Jioni, jua likizama, akaamua kulipima gari lake kama la mteja asiyemjua. Betri alikuwa ameichaji mchana ikajaa. Alichomoa waya wa hasi, akaunganisha taa ndogo ya kupimia kati ya waya ule na betri. Kama hakuna kinachonyonya, taa haiwaki. Ikawaka.

"Nimekushika," akanong'ona.

Kinachofuata kila fundi anakijua. Unachomoa fyuzi moja moja, na taa ikizimika, mwizi yuko kwenye njia uliyoikata. Akachomoa ya redio. Taa inawaka. Ya honi. Inawaka. Akachomoa ya feni, ya taa za mbele, ya taa za ndani, mpaka sanduku la fyuzi likabaki mapengo matupu, akafungua waya wa altaneta, akafungua na wa stata, na taa ile, ambayo sasa haikuwa na njia hata moja ya kupata moto, ikaendelea kuwaka, tena si kwa kutulia, bali ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, na kila iliposhuka ilisikika kutoka ndani ya gari sauti ndogo ya koo linalomeza, kisha ile harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani, springi za nyuma zikalia, na gari likainama upande wake, kama vile mtu mzito amejisogeza kitini ili amwone vizuri zaidi.

Aliing'oa betri akaikumbatia, akakimbilia nayo ndani, akapiga komeo.

Asubuhi akaipima kwa mita. Imejaa! Haikupungua hata chembe. Ampea alifurahi jamani, akasahau alichokisikia jana, maana fundi akipata jibu hupona woga. Betri nzima, ubovu uko garini. Alikuwa bado ameishika mita aliposikia ukelele wa mkewe.

"Baba'ke! Njoo umwone mtoto!"

Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa amelala macho wazi, midomo imemkauka, mwili umepoa kama sakafu. Alijaribu kuinua mkono amshike baba yake, mkono ukamshinda. Shuka lake lilinuka udongo.

Ampea hakuhitaji kuelezwa. Yeye ndiye aliyekata njia, na kilichokuwa kinanyonya kilitafuta nyingine. Akatoka mbio na betri, akaifunga, na kabla hajashusha boneti, springi za nyuma zikalia. Ndani mtoto akavuta pumzi ndefu, akaita mama yake.

Lakini kufika adhuhuri betri ilikuwa inakata roho, na mtoto ameanza kupoa tena. Akafunga nyingine, nayo ikaanza kunywewa, kwa haraka kuliko ya kwanza.

"Mpigie kaka yangu," mkewe akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Anamjua mama mmoja anayeyaweza mambo kama haya. Na umwombe radhi kwanza."

Akampigia. Aliomba radhi, na aibu ile aliistahili.

Shemeji alikuja na mama huyo, mshona magodoro, mwanamke mfupi aliyekuja na sindano yake ndefu imechomekwa kwenye mtandio. Alilizunguka gari bila kuligusa. Kisha akamvuta Ampea kando.

"Lilianza lini? Na kabla ya hapo ulifanya nini?"

Maswali hayo Ampea humuuliza kila mteja. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Akafikiri, akakumbuka. Jioni moja kabla ya tik ya kwanza, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, mtu mmoja alisimama kando ya gari lililofunguliwa boneti, akaomba abustiwe, yaani betri yake ipewe moto wa gari jingine. Ampea alisimama, akaunganisha nyaya. Gari la yule mtu halikunguruma wala kutikisika, na nyaya, badala ya kupata joto, zilipoa hadi zikamuuma vidole. Lakini mtu yule alishukuru sana.

"Alisema, 'Moto wako mtamu,'" Ampea alinong'ona. "Akauliza, 'Je, nikikwama tena?'"

"Nawe ukasema nini?"

"Nilisema kama wanavyosema watu wote. Njoo tu nyumbani, karibu wakati wowote."

Mshona magodoro akafumba macho. "Basi si mwizi, baba. Ni mgeni wako. Angekuwa mwizi ningemfukuza. Uliyemkaribisha kwa mdomo wako unamuaga, unamsindikiza mwenyewe. Mwambie, 'Twende, nikupeleke.' Anayesindikizwa ndiye husema 'rudi sasa, panatosha.' Usigeuze gari kabla hajasema."

"Asiposema?"

Mama yule alikuwa tayari ameshampa kisogo, anaelekea chumbani kwa mtoto.

Ampea alifungua mlango wa nyuma kwa adabu, kama anavyofunguliwa mkwe. "Twende, mgeni wangu, nikusindikize." Springi zikalia. Gari likawaka mara moja, bila tik.

Aliyapita machimbo, akapunguza mwendo. "Hapa panatosha?"

"Mbona bado mapema?" sauti ilijibu nyuma ya shingo yake, ya upole, ya mtu mwenye shukrani. "Tusogee kidogo."

Wakasogea. Barabara ya lami iliisha, ikaanza ya vumbi, nyumba zikawa chache kisha hazipo, na mshale wa betri haukushuka hata kidogo, ila vidole vyake juu ya usukani alikuwa ameacha kuvihisi, na baridi ilikuwa inapanda taratibu kuelekea viwiko. Simu ikaita.

"Baba'ke, amekaa!" Mkewe alikuwa analia na kucheka. "Amekunywa uji, amepata joto, anakuulizia. Nimwambie unarudi saa ngapi?"

Ampea akainua macho kwenye kioo.

"Subiri," akasema. "Ngoja nimuulize."