Jemadari wa Mchota Maji

Kitufe kilikuwa kimesogea mraba mmoja.

Mchoraji aliliona hilo Jumatatu asubuhi, kabla hata hajanawa uso. Miaka thelathini na moja alikuwa amechora ramani za viwanja katika ofisi ya upimaji, na jicho lake lilikuwa halisamehe hata unene wa mstari. Tangu astaafu, ukali wake wote alikuwa ameuhamishia kwenye meza ya sebuleni, alikotunga mchezo wa vita. Ubao wake ulikuwa mji wa babu zake siku ulipozingirwa: kuta, malango mawili, kisima katikati. Askari walikuwa vipande vya mbao. Raia walikuwa vitufe.

"Umeigusa meza yangu?"

"Mimi na vita yako wapi na wapi?" alijibu mkewe, mshonaji, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Kitufe nilikupa, tena cha gauni langu mwenyewe. Na kukilinda unanitaka mimi?"

Kitufe hicho cha bluu kilikuwa mchota maji.

Walicheza kila Jumamosi alasiri, wachezaji watatu. Mchoraji aliulinda mji. Shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori, aliuzingira. Jirani yao, Mwalimu wa historia, alisimamia raia na kurusha dadu. Kanuni zote zilikuwa katika daftari la jalada gumu, na baada ya kanuni vilifuata visa vya pembeni, kila kisa ukurasa wake: mtu ni nani, njia yake ipi, mwisho wake upi, jemadari wake nani. Bila visa hivyo, alisema Mchoraji, vita ni hesabu tu.

Vingi alivipata kwa bibi yake, aliyemlea. Bibi aliisimulia vita ile siku baada ya siku bila kuruka, ila akifika kwa mchota maji, aliyetoka langoni, akahesabu hatua saba na kushuka kisimani asirudi, alifunga mdomo. "Aliyemtuma hatajwi," alisema, na hadithi ikaishia hapo.

Mchoraji hakuwa mtu wa kubuni jambo asilolijua. Kwenye mstari wa jemadari wa mchota maji aliacha wazi.

Jumamosi ilipofika, kitufe kilikuwa kimesogea miraba mitano.

"Shemeji, hiki kitufe kina miguu?" dereva alicheka. "Au mji umeanza kuniogopa, raia wanatoroka?"

"Msinitazame mimi," alisema Mwalimu. "Dadu sijazitoa hata mfukoni."

Mchoraji hakucheka. Tangu katikati ya wiki sebule ilikuwa ikinuka kamba mbichi na tope la chini kabisa, na kila alasiri alisikia bati la kifuniko likikwaruza uani, pale kwenye kisima cha zege walichohifadhia maji ya mvua. Alilisikia tena sasa. Kisha mkewe akaingia, mikono ya gauni imelowa hadi kwenye viwiko.

"Dada, mbona umelowa?" dereva aliuliza.

Mshonaji alijitazama. "Nimelowa?" alisema polepole, kama mtu anayeulizwa jina lake na halikumbuki. "Si nilikuwa kwenye cherehani?"

Kwenye ubao, kitufe kilikuwa mraba mmoja kabla ya kisima, na hakuna mkono uliokuwa karibu.

Dereva hakusubiri kuambiwa. Alitoka na lori, na baada ya saa moja akarudi na mtabibu, mwanamke mfupi mwenye miwani na mkoba wa ngozi, ambaye aliwahi kumwondolea kitu kilichokuwa kikipiga honi usiku gereji ikiwa imefungwa. Mshonaji walikuwa wamemkalisha jikoni, mlango wa uani umefungwa kwa kitasa.

Mtabibu alisimama mlangoni mwa sebule akavuta pumzi.

"Mnacheza wangapi?"

"Watatu," alisema Mwalimu.

"Na viti vinne?" Aliweka kiganja juu ya kiti cha nne, ambacho siku zote kilikaa kitupu, akakiondoa haraka. "Kina joto. Nisomeeni kanuni zenu."

"Zote?" Mchoraji alinong'ona.

"Zote. Hawa wakaao viti vitupu ni viumbe wa maneno. Wakipata neno la kupitia, hawabishi hodi."

Mchoraji alisoma. Alipofika kanuni ya tisa mtabibu aliinua kidole. "Hapo. Rudia."

"Kikosi au mtu asiye na jemadari ataongozwa na yeyote aliyepo mezani."

"Ukaacha nafasi ya jemadari wazi," alisema mtabibu, "na yeye wa kiti hiki alikuwepo mezani."

"Tuuchome huu ubao, yaishe!" alisema dereva.

"Dada yako yumo humo, kwa kitufe cha gauni lake. Utamchoma naye? Badilisheni kanuni."

Mchoraji alilishika daftari kwa mikono miwili. "Haiwezekani. Niliandika mwenyewe: katikati ya mchezo kanuni haibadilishwi mpaka wachezaji wote waweke alama."

"Basi na yeye aulizwe."

Mchoraji aliiandika upya kwa mwandiko wake ulionyooka: *Asiye na jemadari ataongozwa na aliyeandika kisa chake.* Aliweka alama. Mwalimu akaweka, dereva akaweka, na kalamu ikalazwa mbele ya kiti cha nne.

Jikoni kitasa kililia. Dereva alirukia mlango wa jikoni, ukagoma. Mchoraji alitazama dirishani akamwona mkewe anavuka ua kwa hatua za mtu anayehesabu, na bati likakwaruza, likakwaruza tena kwa muda mrefu kuliko urefu wake lenyewe, na harufu ya tope ikapanda mpaka ikawa ladha mdomoni, na mkewe akainua mguu mmoja juu ya ukingo na kuuacha hapo, akingoja, kama wanavyongoja watu waliopewa amri nusu, huku mezani kitufe cha bluu kikitetemeka kwenye mstari wa mraba wa mwisho na Mchoraji akisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia, "Weka alama, nakuomba, weka, weka."

Kwenye karatasi ikajitokeza alama ya nne, ya maji.

Mchoraji alikinyakua kitufe akakirudisha langoni. Uani mkewe alipiga ukelele. "Nani kanileta huku?" Dereva, mlango ulipomwachia, alitoka mbio akamkumbatia huku akimgombeza na kulia kwa pamoja.

Mtabibu aliamuru kiti kivunjwe na ubao ufungiwe kabatini. Alipokuwa akivaa viatu alisita.

"Amekubali upesi mno," alisema, akaondoka.

Wiki tatu zilipita kimya. Mshonaji alikishona kitufe mahali pake na kuanza tena kumtania mumewe. Bati la kisima lilitiliwa kufuli. Jioni moja Mchoraji alifungua daftari ili aandike kwamba mchezo umekwisha, maana kazi isiyofungwa ilimwasha. Baada ya kisa cha mwisho alichokiandika yeye, palikuwa na kingine.

Mwandiko haukuwa wake. Wino ulikuwa bado umelowa.

*Mtu: mchoraji wa ramani. Njia: kutoka meza ya sebuleni hadi kisimani, hatua ishirini na mbili. Mwisho: hatarudi. Jemadari:*

Hapo paliachwa wazi.

Ishirini na mbili. Alizijua, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyepima ua ule. Alirudi kwenye kanuni ya tisa, akaisoma kama alivyoiandika kwa mkono wake, kwamba asiye na jemadari ataongozwa na aliyeandika kisa chake. Kisha akatazama mkono wa shati lake, pale kitufe kilipokuwa asubuhi, akaona nyuzi mbili tu.

"Mzee," mkewe aliita kutoka mlangoni, akicheka kidogo, "umetoka wapi, mbona umelowa hivyo?"

Ndani ya kabati lililofungwa, juu ya ubao, kitu kidogo kilijikwaruza mraba mmoja.