Mwizi Aliyeziba Matundu

Turbo ya Amoni Simkonda, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, ilikaa kwenye gari siku moja tu. Jumatano alikaza nati ya mwisho, Alhamisi akashinda Nakonde kwa shughuli zake, na Ijumaa asubuhi alipofungua boneti ya pikapu ili awaringie majirani, akakuta pengo.

Inspekta Alinanuswe wa Polisi Tunduma alifika saa tatu. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Hasamba, na kitu kisichomwingia akilini kilimnyima hata hamu ya kula. Aliinama juu ya injini akakaa hapo mpaka watu wakaanza kunong'ona.

"Koplo Fanueli, njoo uone maajabu."

Mwizi alikuwa amerudisha kila nati mahali pake na kuikaza kwa vidole. Mdomo wa bomba la hewa aliufunga kwa mfuko na kamba. Tundu la kurudishia oili aliliziba kwa kipande cha gunzi la muhindi, kimechongwa vizuri na kuvikwa nailoni.

"Mwizi gani huyu anaiba halafu anaogopa vumbi lisiingie?" aliuliza Fanueli.

"Ndicho ninachotaka kujua."

Amoni hakuwa na la kutaka kujua. "Ni Sufiani, yule fundi wa Tanga! Nilipomnyima kazi ya kunifungia, alisema mbele za watu kwamba nitaitoa mwenyewe. Kesho nabeba watu kumi na wawili kwenda harusini Ileje. Milima ile nitaipandaje bila turbo?"

Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuzunguka mtaa mzima. Vijana walikuwa wameizingira gereji ya Sufiani wakiwa na dumu la petroli, na polisi walimwahi fundi yule kwa bahati tu. Sasa alikuwa mahabusu, shati limechanika, mdomo umevimba.

"Ulimtishia Amoni?" aliuliza Alinanuswe.

"Sikumtishia, afande, nilimwonya. Breki za gari lile zimechoka. Nikamwambia, utaitoa mwenyewe siku ukikiona kifo."

"Wewe ukifungua injini, matundu unaziba na nini?"

"Kitambaa. Nakifunga uzi mrefu mpaka kwenye usukani, nisije nikasahau nikawasha gari."

"Gunzi je?"

Sufiani alicheka, mdomo ukamuuma. "Gunzi kwenye injini? Linapukutika hilo! Chenga moja tu ikiingia kwenye oili, mashine imekufa."

"Hili lilivikwa nailoni."

Kicheko kilimwisha. "Basi huyo amesoma mahali, afande. Ila gereji hajafundishwa."

Alinanuswe alirudi kwa Amoni mbio mbio, jasho likimtoka. Fundi yule hakuwa mwizi, na nje ya kituo vijana walikuwa bado hawajatawanyika.

"Nani alikusaidia kufunga turbo?"

"Nimefunga mwenyewe, hapa hapa uani."

"Maelekezo yake yaliandikwa kwa lugha gani?"

Amoni alijikuna shingo. "Kiingereza. Mke wangu alikuwa ananisomea, na kunipa spana."

Diana, mkewe, alikuwa jikoni akichambua mchele. Kando yake palikuwa na dumu la mafuta ya taa, na kizibo chake kilikuwa gunzi, limechongwa, limevikwa nailoni. Nyumbani kwao Hasamba mama yake Alinanuswe aliziba hivyo hivyo vibuyu na madumu yote. Inspekta alikichomoa kizibo kile, akakigeuza geuza kiganjani.

"Mdogo wangu, ilete karatasi ya turbo. Nisomee kwa Kiswahili."

Diana alisoma bila kusita mpaka katikati ya ukurasa wa pili. Hapo sauti ikakatika.

"Endelea."

"'Kabla ya kuongeza nguvu ya gari, hakikisha breki zake ni nzima.'"

"Turbo iko wapi, Diana?"

"Kwenye ndoo ya maharage."

Amoni aliruka juu. "Umeniibia? Wewe?"

Diana hakumtazama, alimtazama inspekta. "Kaka yangu Boazi alifia kwenye mteremko wa njia ile ile ya Ileje, gari lilikatika breki. Kesho ningekaa mbele na mtoto nimempakata, na watu wote wale nyuma yangu. Nikasema nitaitoa jana akiwa Nakonde, harusi ikipita nairudisha. Ndiyo maana niliziba. Karatasi inasema uchafu kidogo unaua mashine."

"Na Sufiani?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Sikumfikiria kabisa. Nilipoona wamebeba petroli, nikaogopa kusema. Kwa hilo nifungeni."

Alinanuswe alimwonea huruma, na alimkasirikia vilevile. "Utaandika maelezo kituoni. Kisha utamwambia yeye mwenyewe, na hao vijana wasikie."

Kituoni Diana alimpigia fundi magoti mbele ya umati. Sufiani aligusa mdomo wake uliovimba.

"Inuka, dada," alisema. "Ila mumeo ndiye aliyelitaja jina langu. Naye nataka kumsikia."

Amoni aliomba radhi akiwa ameangalia chini. Kisha akamgeukia mkewe, sauti imepungua. "Si ungeniambia tu, mama Lusajo?"

"Mstari ule nilikusomea mara tatu, baba Lusajo. Mara ya nne nikashika spana."