Akeneta Hakuchuma Matufaha

Akeneta alikuwa jikoni anakuna nazi. Jiko lao ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na mtu akipita njiani hamwoni aliyemo ndani. Ndiyo maana mama yake alipenda akae huko. Sufuria ya mihogo ilikuwa inachemka. Samaki wawili walikuwa tayari kwenye sahani, wamepakwa ndimu na chumvi.

Mara akasikia sauti ya jirani yao Viniana, huko mbele.

"Hodi humu! Yuko wapi mchuma matufaha wetu?"

"Amelala," mama Titilia alijibu upesi. "Bado ana uchovu wa ndege."

"Leo siku ya tisa, Titilia! Hiyo ndege aliisukuma kwa mikono?"

Akeneta aliacha kukuna. Alitaka kucheka, lakini uso ulimwaka kwa hasira.

Hakupanda ndege yoyote. Kwa miaka miwili na miezi mitatu alikuwa katika gereza la wanawake, Suva, mji mkuu wa nchi. Binamu yake alimpa gunia apeleke mjini kwa meli: mihogo juu, bangi chini. Akeneta alijua kilichokuwa chini. Polisi wa bandarini nao walijua. Binamu alitoroka, yeye akafungwa.

Hapa kijijini, kisiwani Kadavu, mama Titilia aliwaambia watu kwamba binti yake ameenda New Zealand kuchuma matufaha, kama wanavyofanya vijana wengi. Siku ya kufunguliwa alimfuata Suva. Kabla ya kupanda meli alinunua mfuko mzima wa matufaha dukani. Walipofika alizunguka akigawa, kila nyumba matufaha mawili. Alisahau jambo moja. Kila tufaha lilikuwa limebandikwa kikaratasi, na kikaratasi kilisema limetoka China. Akeneta aliwahi kubandua vitano. Matufaha mengine yalikwenda na vikaratasi vyake.

Viniana alipoondoka, mama aliingia jikoni akijifuta jasho.

"Mama, nipe bahasha yangu," Akeneta alisema.

"Bahasha gani?"

"Ile ya kaki. Uliyoificha kwenye kopo la biskuti, chini ya mikeka."

Mama alianza kugeuza mihogo ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Yule afande wa gereza alinieleza mara tatu kabla sijatoka," Akeneta aliendelea. "Mle ndani kuna fomu ya kuomba cherehani. Mkuu wa kijiji aisaini, kisha ifike ofisi ya ustawi wa jamii, Vunisea, kabla mwezi haujaisha. Zimebaki siku kumi na moja."

"Fomu hiyo ina neno gereza juu, kwa herufi kubwa! Mkuu Aporosi aisome, kesho isomwe na kijiji kizima? Hapana, mwanangu. Ijumaa meli ikija, utaenda Suva kwa shangazi yako. Kule hakuna anayekujua."

"Nikafanye nini kwa shangazi?"

"Utulie."

"Nimetulia miaka miwili, mama! Nikihesabiwa asubuhi, nikihesabiwa jioni. Leo nimerudi kwetu, na wewe unanificha pamoja na vifuu. Siendi Suva."

Wakati huo Makitalena aliingia kwa mlango wa nyuma. Huyu ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Kila Jumanne hupita na mkoba wake kuwapima wazee presha.

"Naona presha imepanda hata sijafungua mkoba," alisema. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," mama alisema.

"Kipo," Akeneta alisema. "Sikuwa New Zealand. Nilikuwa jela."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo tangu arudi. Mama alijifunika uso kwa kanga yake. Makitalena hakushtuka. Alivuta kigoda, akakaa.

"Mkono, Titilia," alisema, akamfunga kile kitambaa cha mashine. Alibonyeza, akasoma, akatikisa kichwa. "Mia na sabini. Ona unavyojiumiza kwa kutunza siri."

Kisha alimgeukia Akeneta.

"Kaka yangu naye alipotoka jela alipewa bahasha ya karatasi, kama mnavyopewa wote. Aliona aibu, akaichoma pamoja na takataka. Hakupata kazi, hakwenda kwa mtu wa kumsaidia. Wale rafiki zake wa zamani ndio waliompokea. Mwaka haukuisha, akarudi ndani. Bahasha hiyo iko wapi?"

Mihogo ilichemka. Mwishowe mama aliinuka, akaenda ndani, akarudi na kopo.

Makitalena alitandaza karatasi moja moja juu ya mkeka.

"Barua ya kufunguliwa. Hii usimwachie mtu, mpe nakala. Cheti cha ushonaji. Vizuri! Fomu. Cheti cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Kilipotea na mkoba wangu siku niliyokamatwa."

"Basi usikae unasubiri mpaka upate vyote ndipo uende. Nenda na ulivyo navyo, ukaulize kilichopungua utakipata wapi. Jambo ambalo hulielewi, mwambie mtu akuandikie. Uliza na jina lake. Na usiende peke yako, nitakusindikiza. Unalala?"

"Kidogo. Nashtuka, nadhani nimeitwa nihesabiwe."

"Hilo nalo uwaambie. Msaada si cherehani tu. Kuna washauri wa kuongea nao."

"Na saini ya Aporosi?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapa imeandikwa: je, kijiji kinampokea? Aporosi hawezi kujibu hilo peke yake. Ni la mkutano wa Jumatatu."

"Basi kaka yangu Emosi atamsemea. Aseme tu kwamba Akeneta amerudi kutoka ng'ambo, anaomba saini."

"Shoga yangu," Makitalena alisema, "fomu ya gereza, halafu useme ng'ambo?"

Ijumaa meli ilikuja. Mama aliuogopa tena ule mkutano, akawa amemfungia Akeneta mkoba tayari. Akeneta aliufungua mbele yake, akazitoa nguo zote, akazitundika tena kwenye kamba ya chumbani. Meli ikaondoka.

Jumatatu mchana watu walijaa ukumbini. Wanaume walikaa mbele, wamejifunga sulu nyeusi kiunoni kama vikoi, wamezunguka bakuli kubwa la mbao la yaqona, kinywaji cha mizizi cha heshima. Wanawake walikaa nyuma, karibu na mlango. Mjomba Emosi aliinua mzizi wa yaqona kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka mtu akiomba jambo. Akaanza taratibu:

"Wazee wangu, mzizi huu ni mdogo. Binti yetu amerudi kutoka mashamba ya ng'ambo..."

Mtu akisema na mzizi mkononi, hakatizwi. Akeneta alilijua hilo tangu utoto. Lakini hakuweza kungoja. Hakusimama, maana kusimama mbele ya wazee waliokaa ni utovu wa adabu. Alijisogeza kwa magoti mpaka katikati ya ukumbi.

"Nisamehe mjomba," alisema. "Sikuwa shambani. Nilikuwa jela."

Mjomba aliduwaa, mzizi ungali juu.

"Nilibeba bangi. Nilijua ni bangi. Adhabu yangu nimeimaliza, sikubakiza hata siku moja. Huko nimejifunza kushona. Sikuja hapa kulia. Naomba saini, nikae kwetu nifanye kazi. Wa kukataa akatae, lakini anitazame usoni."

Mzee Waisale alikohoa. "Kijiji hiki hakijawahi kumsainia mfungwa."

"Mimi si mfungwa, mzee wangu. Mfungwa asingekuwa amekaa mbele yako. Na pindo la sulu yako limefumuka. Nimeliona tangu naingia."

Mzee aliangalia chini haraka. Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Ndipo Viniana alipopaza sauti kutoka mlangoni.

"Jamani, nani humu hakujua? Kesi ilisomwa redioni! Tumekula matufaha ya China tukiyasifu, oh, ya New Zealand matamu! Langu moja lilikuwa limeoza upande mmoja, nikanyamaza. Yote kwa ajili ya Titilia!"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu kwa kicheko. Akeneta aligeuka kumtafuta mama yake. Mama Titilia alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Alikuwa anacheka pia.

Aporosi, mkuu wa kijiji, alinyoosha mkono watu wanyamaze.

"Emosi, mzizi wako bado uko hewani. Anza upya. Safari hii useme mambo yalivyo."

Mjomba Emosi alianza upya. Alitaja gereza. Alitaja bangi. Alipomaliza, wazee walikunja viganja wakapiga makofi mazito ya kupokea. Mzee Waisale alipiga wa mwisho kabisa, tena polepole, lakini alipiga. Aporosi akaomba kalamu.

Jumatano Akeneta na Makitalena walikwenda Vunisea kwa boti ya mashine. Ofisini, Akeneta alitoa karatasi zake mwenyewe.

"Cheti cha kuzaliwa sina," alisema kabla hajaulizwa. "Naomba uniandikie nikipate wapi. Na naomba jina lako."

Ofisa alimwandikia. Aliipokea fomu, akaipiga muhuri, akampa nakala. Alimwandikia pia siku ambayo mshauri hufika kisiwani.

"Wengi huja hapa wamechelewa," alisema. "Wengine hawaji kabisa."

"Mimi nimekuja," Akeneta alisema.

Cherehani ilifika kwa meli baada ya wiki saba, imezungushiwa blanketi. Mteja wa kwanza alikuwa mzee Waisale na sulu yake. Baadaye zikaja sare za shule, halafu magauni meupe ya kwaya, kumi na nane. Usingizi wa Akeneta ulirudi kidogo kidogo. Kila mshauri alipokuja, alikwenda.

Juu ya mlango wa mbele aligongomea ubao: AKENETA ANASHONA. ALIJIFUNZA JELA.

"Ule mstari wa pili ufute," mama alimwambia.

"Siufuti."

Siku moja mwanamke wa kijiji cha pili alikuja na kitambaa cha maua. Hakujua kusoma. Aligeuzageuza gauni la kwaya, akalitazama ndani na nje.

"Mshono mzuri huu! Titilia, binti yako alijifunza wapi? Si alikuwa New Zealand?"

Akeneta alisimamisha cherehani. Mama yake alitoa pini mdomoni, moja, mbili, tatu, akazichomeka kwenye kijimto cha pini.

"Jela," alisema mama Titilia, kwa sauti ya kufika mpaka kanisani. "Miaka miwili na miezi mitatu. Haya, simama hapa upimwe."