Mtaje, Nyangi

"Kesho wakikuuliza, usinitaje."

Nyangi aligeuka akamtazama Selestine kama mtu aliyesikia vibaya. Ilikuwa Jumapili alasiri, wamekaa juu ya jiwe pana lililoko nyuma ya shamba la mahindi la chuo. Wanafunzi walilipa jiwe hilo jina la Ulaya, kwa sababu ukiwa juu yake uliiona milima ya ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na kwa wanafunzi wasio na nauli huko kulikuwa mbali vya kutosha.

"Nisikutaje, niseme nini?"

"Nyamaza tu. Wakikufukuza peke yako, tumepoteza mmoja. Wakitufukuza wote wawili, huyo mtoto atakula nini?" Selestine alimshika mkono. "Mwaka huu namaliza. Naomba nipangiwe kwetu Natta. Kuna nyumba ya mwalimu pale, baraza yake inatazama mbugani. Asubuhi unapiga mswaki huku nyumbu wanapita mbele yako. Nikishapata nyumba, nakuja kwenu Nyamwaga na ng'ombe wa mahari wa baba yako. Nawaswaga mwenyewe."

"Unaapa?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Nyangi alimwamini. Alikuwa amemwamini tangu Jumamosi ya kwanza.

Maana pale Chuo cha Ualimu Nyakemori, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuishi. Ulikuwa mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, na njaa ilikuwa imeingia nchini. Chuoni walikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, asubuhi hadi jioni, wakalima shamba la kujitegemea, wakapiga kwata, wakakariri siasa. Lakini Jumamosi ikifika saa nane walifunguliwa kama ndama. Wasichana waliteremka mtoni kufua na kusutana. Wavulana walikimbilia uwanjani. Wenye senti za chai walikwenda mjini Nkende, hotelini kwa Mama Mokami, ambako redio ilikaa juu ya kabati na ubishi wa mpira haukwisha. Jioni meza za bwalo zilisukumwa ukutani, santuri ikawekwa, na vumbi likapanda mpaka kwenye taa.

Katika vumbi hilo ndipo Selestine alipomwomba Nyangi dansi. Alikuwa mwenyekiti wa wanafunzi, kijana wa maneno, suruali yake imenyooka hata siku za kulima. Baada ya dansi ile, Jumamosi za Nyangi zilikuwa na mahali pamoja tu, jiweni. Alitoka chuoni na Joram, mtoto wa jirani yao wa Nyamwaga, maana wasichana hawakuruhusiwa kwenda mjini bila wenzao. Walikunywa chai kwa Mama Mokami, wakarudi wote. Joram akienda zake uwanjani kudaka mpira, Nyangi alipita katikati ya mahindi kumfuata Selestine.

Halafu Bibi Verdiana, mlezi wa wasichana, akamkuta anatapika nyuma ya bweni.

*

Jumatatu saa nne aliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Aliingia, akasimama mbele ya meza ndefu. Mkuu alikuwa katikati ya meza, Bibi Verdiana kushoto kwake, wakufunzi kulia. Mwishoni mwa meza, kalamu mkononi, aliketi Selestine kwa niaba ya wanafunzi. Jana hakumwambia kama naye atakuwa mezani.

"Binti, una mimba," mkuu alianza. "Zahanati wameshatuambia. Kanuni unaijua, hapa huna nafasi tena. Tunamtaka mwanaume. Ni nani?"

Nyangi alinyamaza.

"Ni mwanafunzi?"

"Nyangi, mwanangu," Bibi Verdiana alisema kwa upole, "mtaje. Usibebe mzigo wa watu wawili."

Mkuu akashusha pumzi. "Ndugu Mwenyekiti, huyu ni mwenzako. Hebu mwulize wewe."

Selestine alikohoa. Alipoongea, ilikuwa sauti yake ya mikutano ya Umoja wa Vijana.

"Ndugu Nyangi, tunasoma hapa kwa jasho la wakulima. Aliyekufanyia hivi amelihujumu taifa. Mtaje, haki itendeke."

Alimtazama usoni wala hakupepesa. Nyangi alihisi kitu kinapoa kifuani, lakini alikumbuka kiapo. Labda ndivyo anavyotulinda, alijiambia.

"Sina wa kumtaja."

"Basi tutamtaja sisi," mkuu alisema. "Mwiteni Joram."

Joram aliingia akiwa na matope ya shambani miguuni. Alikuwa mrefu, mpole, mtoto pekee wa mama mjane ambaye kijiji kizima kilimwita mama mwalimu kabla hata mwanawe hajamaliza.

"Shikamooni."

"Jumamosi huwa unakwenda wapi na huyu binti?"

"Nkende, mzee. Tunakunywa chai, tunasikiliza redio, tunarudi."

"Na kule jiweni?"

"Jiweni sijapanda naye hata siku moja."

Mkuu aliinua kidole, na mlangoni akaingizwa Agustina. Nyangi alishtuka. Alilala kitanda cha juu, Agustina cha chini. Sabuni yao ilikuwa moja, siri zao karibu zote zilikuwa moja, isipokuwa ile moja ambayo Selestine alimkataza kumwambia mtu.

"Rudia ulichoniambia asubuhi," mkuu alimwagiza.

Agustina alitazama sakafu. "Niliwaona wakishuka kutoka jiweni. Yeye na Joram."

"Agustina!" Nyangi alipiga kelele. "Uliona nini wewe?"

"Nyamaza! Ulipoulizwa hukuwa na mdomo." Mkuu alimgeukia Joram. "Nenda kafunge sanduku lako. Mnaondoka leo, wewe na yeye."

Joram hakubisha kwa mkuu. Alimgeukia Nyangi.

"Dada yangu, waambie. Wewe si unajua? Mama yangu ana nani mwingine?"

Nyangi alitazama mwisho wa meza. Selestine alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika. Analiandika jina la Joram, na mkono wake umetulia kabisa.

Hapo kitu kilichokuwa kinapoa kifuani mwa Nyangi kikaganda.

"Si Joram," alisema. "Ni huyo anayeandika."

Kalamu ilisimama. Mmoja wa wakufunzi akaguna. Selestine aliinua kichwa, akatabasamu kwa huruma, tabasamu la mtu anayemvumilia mgonjwa.

"Ndugu Mkuu, binti amechanganyikiwa, tumsamehe. Mimi huyu simjui zaidi ya kumwona darasani na bwaloni."

"Hunijui, Selestine?"

"Sikujui."

"Una shahidi?" mkuu alimwuliza Nyangi.

"Sina. Yeye mwenyewe alihakikisha sina." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikukatika. "Nina maneno yake tu. Jana alasiri aliniambia nisimtaje. Alisema ataomba apangiwe Natta, kuna nyumba ya mwalimu ambayo baraza yake inatazama mbugani. Kwamba asubuhi nitapiga mswaki huku nyumbu wanapita. Kwamba atakuja Nyamwaga na ng'ombe wa tata, baba yangu, anawaswaga mwenyewe. Akaapa kwa kaburi la mama yake."

Kilisikika kishindo mlangoni. Agustina alikuwa ameegemea ukuta, kiganja mdomoni.

"Una nini wewe?" Bibi Verdiana alimwuliza.

"Hayo ni yangu," Agustina alisema.

"Yako nini?"

"Maneno. Nyumbu. Baraza." Alianza kulia kama mtoto. "Aliniambia mimi. Huko huko jiweni, siku za Jumapili baada ya misa. Juzi akanambia Joram anamchafua kwa wanafunzi, niseme nimemwona na Nyangi. Nikasema. Nyangi, sikujua! Haki ya Mungu sikujua kama ni wako."

"Ndugu Mkuu, hawa wamepanga," Selestine alisema. Lakini kalamu ilikuwa imemdondoka, na alipoinama kuiokota hakuna aliyemsubiri ainuke.

"Mama yako alikufa lini?" Bibi Verdiana alimwuliza ghafla.

Selestine aliifuta kalamu kwa kiganja.

"Nakuuliza kwa sababu mwezi wa tano alikuja hapa kukutembelea. Nilimpa chai mimi mwenyewe."

Mkuu alivua miwani, akaiweka mezani taratibu.

*

Mchana ule ule barua za kufukuzwa ziliandikwa mbili, ya Nyangi na ya Selestine. Joram alibaki. Agustina naye alibaki, lakini bwaloni hakuna aliyekaa naye benchi moja.

Joram ndiye aliyebeba sanduku la Nyangi hadi stendi ya Tarime.

"Nilikaribia kukuacha ufukuzwe," Nyangi alisema walipofika.

"Nilikuona."

"Utanisamehe?"

Joram alilitua sanduku, akajipangusa jasho. "Nitakusamehe, dada. Si leo. Leo bado natetemeka."

Akampa mkono wa kwaheri, akaondoka. Nyangi alikuwa bado anamtazama mgongo alipoitwa kwa nyuma.

"Nyangi, ngoja!"

Selestine alikuja mbiombio, begi begani, shati limetoka nje ya suruali.

"Sasa tumelingana," alisema akihema. "Mimi sina chuo, wewe huna chuo. Twende Natta. Pale ofisini ulikuwa ni woga tu, Nyangi. Hata wewe ungeogopa."

"Niliogopa. Lakini sikumwandika mtu."

"Nakupenda. Hilo halikuwa uongo."

"Na Agustina?"

Selestine alihamishia begi bega la pili. Kondakta akapiga bodi ya basi la Nyamwaga kwa kiganja. Nyangi aliinua sanduku lake mwenyewe, akapanda.

Nyumbani, baba yake, mzee Werema, aliisoma barua akiwa amesimama. Binti yake alikuwa wa kwanza pale kijijini kufika chuo. Aliikunja, akamrudishia, akaingia ndani, na siku ile hakutoka hata kula. Mama ndiye aliyeuliza, "Umekula?" Kisha wakalia wote wawili jikoni, bila sauti, mzee asisikie.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua. Mvua zilipokwisha na barabara kukauka, wazee walifika kutoka Natta na ng'ombe wazuri, wanono. Selestine alikuwa nyuma yao, amepata kazi kwenye kambi ya watalii, amevaa koti. Mzee Werema aliwazunguka wale ng'ombe mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu ile barua, uso wake ulifunguka. Akamwita binti yake mbele ya wageni.

"Nyangi, unamjua kijana huyu?"

Nyangi alimtazama Selestine vizuri. Alikuwa amekonda, na macho yake yalimsihi. Moyo ulimruka kidogo, kama zamani, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Namjua, tata," alijibu. "Ndiyo maana simtaki."

Wazee walitazamana. Mama aliinamisha uso.

"Una mtoto mgongoni," baba alisema taratibu. "Nani mwingine ataingia kwenye lango hili na ng'ombe kwa ajili yako?"

"Labda hakuna."

"Hawa wakitoka, usiniombe kitu tena."

"Sitakuomba, tata."

Selestine alipiga hatua moja mbele. "Nyangi, hata mtoto nisimwone?"

Nyangi alikaza kitenge mgongoni, asimgeukie. Wazee wa Natta wakachukua fimbo zao. Ng'ombe walitolewa mmoja mmoja, na mzee Werema alisimama langoni akiwatazama mpaka vumbi lilipotulia. Alipita karibu na binti yake kana kwamba anapita karibu na nguzo. Tangu siku hiyo alichotaka kumwambia alimtuma mama.

Kengele ya kuita watu kwenye shamba la ujamaa la kijiji ilikuwa imeshagongwa. Nyangi alichukua jembe, akaenda.