Konzi ya Mama

Kila jioni, kabla ya kuosha mchele, Balbina alichota konzi moja, mchele wa kujaa mkono, kutoka kwenye ungo na kuirudisha katika debe la pembeni ya jiko. Akiba hiyo haikuguswa mpaka masika, wakati maji ya mto yanapopanda na kuikata njia ya kutoka kijiji cha Mofu kwenda Ifakara.

Mwezi wa nane Balbina alifariki kwa homa ya siku nne. Jiko likabaki mikononi mwa binti yake, Agnella, wa darasa la sita. Bibi Klementina, mama mzaa baba, alikuwa na mtoto wa jicho na hakuona vizuri. Hata hivyo, kila Jumapili baada ya misa alitia mkono ndani ya debe, akapapasa na kusema kwamba Balbina hajaondoka jikoni.

Maneno hayo yalimchoma Agnella. Kila alipochota ile konzi alimwona mama yake, na hasira zikampanda. Mama aliweka akiba miaka yote, mbona haikumwokoa? Jioni moja akaacha mchele wote uingie kwenye sufuria. Mdogo wake, Pantaleo, akashiba mpaka akacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Kuanzia hapo Agnella hakurudisha konzi tena, na hata ya zamani akawa anaipika. Ili bibi asigundue, alijaza pumba ndani ya debe na kutandaza mchele kidogo juu. Alisahau kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Baba yao, Fulgensi, alikuwa amekwenda Ifakara kuuza samaki wakavu, na barabara ikakatika nyuma yake. Alfajiri maji yaliingia uani. Bibi na wajukuu wakapanda kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu wanachokitumia kuwinga ndege shambani. Walipanda na jiko la mkaa, kinu kidogo, lile debe, na kibuyu cha mbegu ya mpunga ambayo Balbina aliichagua kila mavuno, shuke kwa shuke.

Siku ya kwanza walikula. Siku ya pili mkono wa bibi ulizama ndani ya debe, ukatoka na pumba. Akazipapasa kwa muda mrefu.

"Ni macho yangu haya," alisema taratibu. "Nimemwaga pumba humu nikidhani ni mchele. Nisameheni, wajukuu zangu."

Pantaleo alimtazama bibi kwa lawama. Agnella angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini kumwona bibi akiomba radhi kwa kosa lisilo lake kulimshinda.

"Si wewe, bibi. Ni mimi," alisema, akaeleza yote huku analia.

Bibi hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Aliomba apewe kibuyu.

"Bibi, hiyo ni mbegu ya mama."

"Najua. Mbegu hailiwi. Lakini hakuna mtoto atakayekufa njaa mbele ya mbegu. Twanga."

Agnella alitwanga mbegu ya mama yake. Alipopepeta, makapi yaliangukia majini na kuchukuliwa na mkondo, naye akayatazama mpaka yakapotea. Kisha akapika, wakala.

Siku ya nne baba alifika kwa mtumbwi wa jirani yao, mzee Dionisi, akiwa na unga na maharage. Wote walikuwa hai, ila kibuyu kilikuwa kitupu. Agnella alimweleza baba mwenyewe, bila kuficha kitu. Fulgensi alikishika kile kibuyu, akakipindua juu ya kiganja chake.

Ndipo bibi akafungua fundo kwenye ncha ya khanga yake. Ndani yake mlikuwa na konzi moja ya mpunga.

"Niliitoa kabla hujaanza kutwanga," alimwambia Agnella.

Maji yalipopungua waliipanda kando ya kisima, katika jaluba dogo lisilozidi ukubwa wa mkeka. Ingechukua misimu mingi kujaza shamba tena. Agnella alikuwa akifukia mbegu ya mwisho alipouliza lile swali lililomkaa moyoni, kwa nini akiba haikumwokoa mama.

"Akiba haizuii kifo, mjukuu wangu," bibi alijibu. "Mama yako aliiweka kwa ajili ya wanaobaki. Ulipoiacha, uliacha kupokea alichokuwa anakupa."

Jioni hiyo Agnella alichota konzi kutoka kwenye ungo na kuirudisha katika debe. Mkono wake ulikuwa bado mdogo kuliko wa mama, kwa hiyo akachota mara ya pili.