Pikipiki ya Majini Iliyochelewa Kupona

Jumapili ile soko la mitumba lilifurika watu mpaka pa kutia mguu hapakuonekana. Zunilda alikuwa na rola za nywele kichwani, kazifunika kwa mtandio wa zambarau, macho yake kwenye pikipiki ya majini iliyolazwa juu ya trela. Kiti kilichanika, rangi ilibabuka, ubavuni ina kiraka kikubwa kama sahani.

"Ni betri tu, mama," muuzaji aliapa. "Tia betri mpya, leo hii unafika nayo Puerto Rico, ng'ambo ya bahari."

Nyuma yake mtu akacheka.

Zunilda akageuka. Alimkuta mzee mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkononi kakumbatia kabureta kuukuu iliyofungwa kwa gazeti.

"Kuna kichekesho hapa?"

"Hapana, bibie. Naihurumia betri. Husingiziwa mengi."

"Wewe ni fundi?"

"Nilikuwa fundi wa boti. Nimestaafu. Siku hizi natengeneza injini kwa kukosa mtu wa kugombana naye nyumbani."

"Basi niambie hii inaumwa nini."

Mzee akainama, akanusa, akasukumasukuma kitu humo ndani. "Imekunywa maji ya chumvi. Haijafa, imezimia tu. Unamnunulia mjukuu?"

"Najinunulia mimi."

Alimtazama kuanzia mtandio mpaka kandambili, na hakucheka. Kwa hilo tu, Zunilda akampenda kidogo.

Tangu usichana wake alikuwa akikaanga yaniqueque, mikate ya kuuza, katika ufukwe wa Boca Chica, uso kwenye mafuta, mgongo kwa bahari. Watoto wa mjini walipita wakiruka juu ya mawimbi huku yeye akigeuza mikate. Marehemu mumewe alizoea kumwambia, "Mwakani, mama, na sisi tutapanda." Alifariki, na mwakani hiyo haikufika. Safari hii Zunilda hakutaka kuahidiwa na mtu.

Mzee huyo, Radhamés kwa jina, akamsaidia kupatana bei mpaka muuzaji akatoa na trela juu. Jioni pikipiki ilikuwa uani kwa Radhamés, mtaa wa Andrés, chini ya turubai.

Wakaanza hivyo. Kila Jumatatu, siku ambayo hakaangi, Zunilda alikwenda na bakuli la mangú, ndizi za kuponda, na vitunguu, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akimpokeza spana. Siku nyingine simu ilifanya kazi.

"Mgonjwa wangu kaamkaje?"

"Mgonjwa hajambo. Daktari ndiye anayekufa njaa."

"Daktari ana mdomo huyo!"

"Na moyo pia anao, ila hakuna anayeuulizia."

Zunilda alikata simu akicheka peke yake, mpaka wateja wakamwambia mikate inaungua. Alianza kupaka rangi ya mdomo kwenda kushika grisi. Radhamés naye akaanza kujitia manukato kabla ya kufungua nati.

Ila pikipiki haikupona. Mara pampu, mara mpira wa kuzuia maji, mara kuna kifaa lazima kitoke Miami. Wiki zikapita.

"Miami hiyo ni ya dunia hii hii?" Zunilda aliuliza.

"Subira, laazizi. Vitu vizuri huja polepole." Neno *laazizi* lilimfanya asahau kuuliza tena.

Binti yake, Yokasta, hakupenda mambo hayo hata kidogo. "Mama, una miaka hamsini na tisa! Ukianguka huko baharini?" Jumamosi moja asubuhi akampigia. "Nimekwenda kuonana na huyo mzee wako. Tumeelewana."

"Mmeelewana nini?" Laini ikakatika.

Mchana ule mvua ilifukuza wateja. Zunilda akafunga kibanda na kwenda Andrés bila kuagana na mtu. Kabla hajafika getini akasikia injini inanguruma. Akasukuma mlango. Pikipiki ilikuwa ya manjano tupu, kiti kipya, inatetemeka kwa uzima, na Radhamés anaipoza kwa bomba la maji.

"Kile kifaa cha Miami kimekuja kwa miguu?"

Radhamés akazima injini. Maji ya bomba yakamlowesha viatu.

"Imepona lini?"

"Ina... ina wiki kadhaa."

"Na Yokasta alikuja hapa?"

"Alikuja, lakini Zunilda, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Mmenifanya mtoto! Mnakaa kupanga nipande au nisipande!"

Alikodi gari pale pale, akavuta trela yake. Simu ya Radhamés iliita njia nzima, ikaita usiku, ikaita kesho yake. Hakuipokea. Ila kila ilipoita aliitazama mpaka iliponyamaza.

Jumapili iliyofuata ufukwe mzima ulisimama kumtazama. Zunilda alivaa gauni la maua, juu yake jaketi la kuelea la rangi ya chungwa alilonunuliwa na Yokasta bila maneno mengi. Wauza nazi walimsukumia pikipiki majini. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena.

"Kamba yake iko wapi?" mmoja akauliza. "Ile nyekundu ya kuvaa mkononi. Bila kuichomeka haiwaki."

Akaikumbuka. Siku ile ilikuwa mkononi mwa Radhamés. Watu wanangoja, jua linawaka. Akapiga simu.

"Radhamés. Una kitu changu."

"Ninacho. Niko hapa juu barabarani tangu asubuhi. Naogopa kushuka."

Akashuka, suruali kaikunja, viatu mkononi, kamba nyekundu inaning'inia. Yokasta, aliyesimama kando na wauza nazi, akawahi kusema kabla yao.

"Mama, nilikwenda kumwomba asiitengeneze. Akanifukuza! Akasema bahari ni yako kama ilivyo ya wengine. Tulichoelewana ni mimi ninunue hilo jaketi, basi."

Zunilda akamgeukia mzee. "Sasa ulinidanganya kwa nini?"

Radhamés akatazama vidole vyake vya miguu. "Ingepona, ungefuata nini tena uani kwangu?"

Wauza nazi wakapiga miluzi.

"Mtu mzima wewe! Si ungeuliza tu kama nitakuja?"

"Utakuja?"

"Panda."

"Mimi? Zunilda, sijui kuogelea."

"Fundi wa boti!"

"Nilizitengenezea nchi kavu."

Wakamtafutia jaketi, akapanda nyuma, akamkumbatia kiunoni kama mtoto. Injini ikaitika. Zunilda akaitia moto, rola zake hazipo, nywele zinapepea, maji yanamchapa usoni chumvi tupu, na alicheka mpaka machozi. Karibu na mwamba akapunguza. Kibanda chake kule ufukweni kilionekana kama kiberiti.

"Zunilda," sauti ikatetemeka mgongoni kwake, "nioe."

"Nini?"

"Nioe, nasema!"

"Mwanamke haoi, baba. Anaolewa."

"Basi olewa! Olewa na mimi, halafu unirudishe nchi kavu!"

"Nimekubali," alisema, na akaitia moto tena, kuelekea mbele.

Ufukweni zikasikika kelele kutoka baharini.

"Nani anayepiga mayowe vile?" mtu akauliza.

Yokasta akakinga jua kwa mkono, akatazama. "Wote wawili," alisema.